Kidole Kisicho na Hina

Marehemu mke wangu alipenda hina kuliko dhahabu, jambo lililonifaa, kwa kuwa dhahabu sikuwa nayo. Haikupita Idi wala harusi ya jirani bila ncha za vidole vyake kukolea wekundu ulio karibu na weusi. Kwetu huku, pembeni mwa Shimoni, mwanamke mwenye mume hutambuliwa kwa mikono. Hina ikiwapo, mume yupo. Ikikosekana, watu huanza kuulizana kama ameachwa au amefiwa.

Mikono hiyohiyo ndiyo iliyofunga mwani. Maji yakipwa, yeye na wenzake waliingia baharini na kufunga vipande vya mwani kwenye kamba, wameinama, chumvi imewafika magotini. Kamba ya nailoni hula ngozi. Miaka ilipopita vidole vyake vikawa laini kama kokoto za ufukweni. Mimi nilikuwa nikikata nyasi katika hoteli moja ya Galu na kurudi nyumbani mwisho wa juma. Nilipomshika mkono nilihisi ulaini ule nikauhesabu kuwa ni uzuri wake. Sikujua kwamba siku moja utatuletea shida.

Sukari ilimwingia baada ya kumzaa kitindamimba wetu. Alianza kwa vidonge, kisha sindano. Friji hatukuwa nayo, kwa hiyo chupa ya insulini aliiweka ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa chungu kile, hata mimi.

Bima ya serikali ilipobadilishwa tulijiandikisha upya, tukatoa michango yetu, tukafurahi. Nasema kweli, tulifurahi. Ila tuligundua kwamba bima ile ilimwelewa vizuri zaidi mtu aliyelazwa kuliko mtu anayejitahidi asilazwe. Mwaka mmoja alikosa dawa, na huku jiwe la baharini limemchana mguu. Kidonda kikaharibika hata tukaambiwa mguu huenda ukaondoka. Tulimkimbiza hospitali kubwa Msambweni. Huko alipokewa vyema, akatibiwa, akarudi na miguu yake yote miwili. Lakini alipokuwa mzima, akifuata dawa ya mwezi tu, ndipo milango ilipokuwa mizito. Mara dawa haijafika. Mara kituo tulichoandikishwa hakina insulini, na kile chenye insulini hakiwezi kumpa bila barua kutoka kituo chetu. Alikuwa akiniambia, "Nikianguka wananilipia. Nikisimama hawana habari nami."

Kisha ikaja mashine ya vidole. Kila mgonjwa abonyeze kidole ili bima ijue kwamba ni yeye na si mwingine. Sikuona ubaya wake, maana watu walikuwa wakiazimana kadi, sote tunajua. Siku ya kwanza ya mashine hiyo niliomba ruhusa kazini nikamsindikiza kliniki. Aliyeishika alikuwa kijana wa bara, mpole. Mke wangu alibonyeza kidole, mashine ikakataa. Akabonyeza kingine, ikakataa.

"Mathe, hiyo rangi ndiyo inasumbua," kijana akasema.

"Si rangi, mwanangu. Ni hina."

Kijana akacheka, akaomba radhi, akafuta kioo cha mashine kwa pindo la shati lake. Wakajaribu vyote, hakuna kilichosomeka. Akatueleza kwamba hina inaziba michirizi ya ngozi, na kwa mke wangu michirizi yenyewe ilikuwa imebaki kidogo kwa sababu ya kazi yake. Msimamizi aliitwa, akakubali kumpa chupa moja kwa siku hiyo, lakini akasema mwezi unaofuata hatakuwa na njia ya kumsaidia. Aje na vidole vyote safi, na avipumzishe na kamba.

Tulirudi tukihesabu siku. Binti yetu mkubwa alikuwa aolewe kabla ya kliniki ijayo, na hina ya harusi haitoki kwa sabuni, hungoja ngozi yenyewe ibadilike. Mke wangu akipaka, atafika kliniki na vidole vyekundu huku chupa imekwisha, na mambo ya mguu tulikuwa tumeshayaona. Asipopaka, atamwoza mwanawe kwa mikono ya mjane, mbele ya ukoo wangu wote. Nilimwambia mikono ni yake. Akaniambia anajua.

Siku ya kupaka hina, alasiri, wanawake walikuwa uani, na sisi wanaume tulikuwa nyuma ya ua wa makuti tukipasua kuni na kumenya vitunguu. Makuti hayazuii sauti. Nikamsikia dada yangu mkubwa, ambaye ulimi wake watu waliuogopa tangu tukiwa wadogo.

"Wifi, ndugu yangu umeshamzika? Mbona sisi hatukuitwa mazikoni?"

Vicheko vilianza, kisha vikakatika, kwa kuwa mama wa bibi harusi hakucheka. Wanaume wenzangu waliinamia vitunguu kama watu wenye kazi nyingi. Kisha nikaisikia sauti yake, wala hakuipandisha.

"Ndugu yako yu hai, wifi. Yuko hapo nyuma analizwa na vitunguu. Mikono hii nimeiacha hivi ili nami niwe hai."

Akawaeleza habari ya mashine, na ya chupa iliyokuwa inakwisha, na ya mguu. Hakusihi, hakuomba radhi. Alisema kama mtu anayesema bei ya mwani. Nikaweka kisu chini. Ndipo dada yangu akauliza, "Na miguu je? Hiyo mashine yasoma na miguu?"

Haikuwa inasoma miguu. Basi wakampaka miguuni, maua na majani mpaka juu ya vifundo, wakimgombania. Alimwoza binti yake mikono mitupu na miguu iliyopambwa kuliko ya bibi harusi, na alipopita alitembea polepole ili ionekane. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Sijapata kumwona mtu akitembea hivyo.

Tulipokwenda kliniki, kijana yule alijaribu vidole vyake kimoja kimoja. Vya mkono wa kulia mashine haikuvitaka kabisa, vilikuwa vimelika. Vya kushoto navyo vilikataa, mpaka walipofika kwenye gumba. Taa ikawaka kijani. Alipewa insulini yake, akaifunga ndani ya leso, na njiani akawa anakitazama kidole kile.

"Kumbe ni hiki kimoja tu," akasema. "Vingine vyote ningevipaka." Akacheka mpaka akaketi kwenye jiwe kando ya barabara.

Idi iliyofuata alimwambia mwanamke anayempaka hina afunge gumba la kushoto kwa kitambaa, na vilivyobaki avikoleze. Kisha akaanza kuwaambia wanawake wa sukari na presha aliokuwa akikaa nao benchi moja kliniki, na wenzake wa mwani: jueni mashine inapenda kidole chenu kipi, hicho kiacheni, vingine jipambeni. Wapaka hina wakazoea kuuliza kabla ya kuanza. Wanawake wakakiita kidole cha kliniki. Dada yangu naye alipopatwa na presha alikuja kumwuliza mke wangu, kwa adabu ambayo sikuwa nimewahi kuiona kwake, namna ya kukijua chake.

Sitaki kusema zaidi ya yaliyokuwa. Kidole hakikuiponya bima. Zilikuwapo siku mtandao haupo na gumba halina kazi, na siku mashine inamkubali lakini kabati la dawa ni tupu, na wanawake wakirudi kama walivyokuja. Yeye aliuliza arudi lini, akarudi siku hiyo. Mwishowe mafigo yalichoka. Alitibiwa kwa heshima, hakuna aliyemkosea, akatutoka wakati wa mvua. Nilimzika na miguu yake miwili.

Mwaka huu kitindamimba wetu ameolewa. Dada yangu alisimama mahali pa mama. Wanawake walipita kunipa mkono wa pole na wa hongera kwa pamoja, shangazi zangu na majirani wazee, na mikono ilikuwa imekolea. Nikaona kwa huyu gumba jeupe, kwa yule kidole cha shahada, kwa mwingine kidole kidogo cha mwisho. Msichana mgeni kutoka Kikoneni, wa upande wa bwana harusi, alimshika dada yangu mkono akamwuliza kama hina iliwaishia, mbona kidole hiki kimesahauliwa.

"Hakikusahauliwa," dada yangu akamjibu. "Hicho ni cha wifi yangu."

Nikarudi nyuma ya ua, kwenye vitunguu vyangu.