Mahindi ya mwezi wa tano

Juzi, asubuhi ya baridi, nilikuwa dukani kwa muuza mbegu hapa Likasi wakati mama mmoja alipoingia. Ni jirani yangu, aliyehamia kutoka Kisangani baada ya Pasaka. Alifungua kiganja juu ya kaunta. Ndani mlikuwa na punje za mahindi zenye vumbi jekundu.

"Mbegu yenu ilioza," alisema. "Nilipanda shamba muzima, hakuna hata moja iliota."

Muuzaji aliiuma punje moja. "Mama, mbegu iko muzuri. Ulipanda lini?"

"Mwezi wa tano."

Wateja walicheka. Nami nilicheka.

"Huku mvua inakatikaka mwezi wa ine," muuzaji alimweleza. "Itarudi octobre."

"Octobre?" Alihesabu kwa vidole hadi mwezi wa kumi, polepole. "Kwetu hakuna mwezi mvua inatuacha." Kisha akageuka, akaniona. "Papa, si weye ulikuwa unapita kila asubui nikilima? Ulikuwa unaniambia, 'Courage, mama!'"

Duka zima lilinitazama. Nilichukua pakiti ya mbegu za kabichi, nikajifanya naisoma.

Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba anapoteza jasho lake. Nyumbani tulimcheka mezani. Watu wa Likasi tunajisifu kwa kukaribisha wageni. Mimi nilimpa mgeni salamu za kumtia moyo mwezi mzima, nikamnyima habari ya mvua.

Nilimfuata nje, nikamwomba radhi. Alifuta vumbi kiganjani kwa kitenge chake.

"Haizuru, papa. Octobre ikifika, utaniambia?"