Wananitaka Nijenge Nyumba ya Kuzikiwa, Mimi Ninajenga ya Kunilisha

Admin, ficha jina langu, na la kijiji chetu pia usiliandike. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na mbili, baba wa watoto watatu, masomo niliachia darasa la saba. Kwetu ni Nyanza, lakini nina miaka kumi na minne huku Kaskazini Mashariki. Nilianzia Garissa mjini nikibeba mawe. Sasa niko Bute, tunachimba mabirika, yale matangi makubwa ya chini ya ardhi ya kuvunia maji ya mvua. Tunachimba kwa sururu. Ardhi ya huku ukiigonga inakurudishia mkono. Asubuhi mgongo wangu haunyooki mpaka nishike ukuta.

Nawaambia hayo mjue pesa yangu inatoka wapi.

Miaka sita iliyopita nilinunua kipande cha ardhi karibu na soko la kwetu, mahali walipofungua chuo cha ufundi. Kila nikimaliza kazi kubwa huku, najenga chumba kimoja kule. Sasa viko vitano. Kimoja anakaa mke wangu na watoto, vinne wamepanga wanafunzi. Imebaki nafasi ya vitatu. Vikiisha, kodi itatulisha na kulipa karo hata nikilala kitandani mwaka mzima. Sitaki gari, sitaki ukubwa. Nataka hicho tu.

Tatizo ni kwamba sina nyumba kwa boma la baba. Nilikuwa na simba, ile nyumba ndogo ya udongo ambayo kijana hujenga kwa babake. Ilianguka kwa mvua nikiwa huku na sikuijenga tena. Na sisi Wajaluo, mwanaume akifa, mwili wake hulazwa kwanza nyumbani kwake. Tena mdogo wa mtu hajengi kabla kaka yake hajajenga; akivuka, wazee husema laana huangukia watoto wake.

Agosti nilienda nyumbani kumzika baba mdogo. Nilipoingia tu, binamu yangu akasema mbele ya watu, "Landilodi amefika. Leo atalala kwa nani?"

Mwingine akadakia, "Mwacheni. Akifa tutamlaza kwa mpangaji."

Watu wakacheka, na ni matanga. Mimi pia nilicheka.

Jioni baba akaniita.

"Wewe ndiye kifungua mimba wangu," baba akasema. "Unajengea watoto wa watu matofali, na kwangu hata kibanda huna. Nitakulaza wapi?"

"Baba, mimi sijafa."

"Hata huyu tuliyemzika leo alikuwa anasema hivyo."

Nikamwambia basi nitasimamisha ya mabati, chumba kimoja, ili mdogo wangu naye apate njia ya kujenga. Akakataa kabisa. "Watu wanajua una ploti. Unijengee mabati nionekane ombaomba? Ni matofali, au usijenge."

Pesa ya hayo matofali ndiyo ya vile vyumba vyangu vitatu. Yote mawili siwezi.

Sasa nisikilizeni kabla hamjanihukumu. Huku nilifanya kazi na mzee mmoja wa Kitui. Kwao alijenga nyumba nzuri, vioo madirisha yote, alituonyesha picha kwa simu. Alikuwa analala ndani yake wiki mbili kwa mwaka. Ana miaka sitini na kitu na bado anasukuma wilbaro na sisi, kwa sababu ile nyumba haikumpa hata kilo ya unga. Siku moja aliteleza akaangukia shimoni, tukamtoa kwa kamba. Hakuvunjika, lakini alikaa kivulini akalia kama mtoto. Siku hiyo niliapa sitazeeka hivyo.

Nilimweleza habari zangu mwenye birika tunalochimba, hajji mmoja mfugaji wa ngamia. Akatikisa kichwa. "Fundi, hii maneno yenu imeshinda mimi. Sisi mtu akifa asubuhi, adhuhuri ameshazikwa. Nyumba ni ya mtu anakula, walahi. Hii birika mimi najenga ya nini? Nikizeeka, hii birika atauza maji, mimi nimekaa."

Mwenye ngamia amekubaliana na mimi, baba yangu mzazi hataki.

Lakini kuna mdogo wangu. Alinipigia wiki jana. "Omera, ndugu yangu, nina miaka thelathini na moja. Mke wangu analala jikoni kwa mama. Amesema Krismasi ikipita hivi, anarudi kwao."

Nikamwambia aje akae chumba changu kimoja, bure.

"Nikae ploti kama mwanafunzi, na baba ana shamba?"

Nikamwambia basi jenga, mimi mkubwa nimekuruhusu, na kama kuna laana inipate mimi. Akasema, "Wewe uko mbali. Wakianza kufa watoto, atakayewazika ni mimi."

Tangu siku hiyo nachimba na maneno hayo.

Birika litaisha wiki mbili zijazo. Nitalipwa na nitapanda basi niende nyumbani. Simenti itashushwa sokoni, sitaki kudanganya mtu. Sitatoa jasho la miaka kumi na minne kwa ajili ya usiku mmoja wa maiti yangu. Anayetaka kuniambia nimepoteza mila, aje kwanza ashike sururu hapa Bute siku moja, kisha aniandikie hapo chini.

Ninachoomba ushauri ni kimoja tu. Mdogo wangu hajanikosea kitu, na ndiye atakayekuja kunipokea stendi. Nikishuka, nimwambie nini?