Mshipi wa Dirishani

Ukiingia dukani kwake ukasema unataka chambo, hakupi. Anakuuliza kwanza maji ya huko unakokwenda yana rangi gani. Kisha anauliza kama utasimama ukingoni au utapanda boti, kama kuna miti chini ya maji au hakuna, na mwisho anatoa swali ambalo wengi hudhani ni utani: wewe ni mtu wa subira au ni mtu wa kutupatupa tu? Karani mmoja wa benki aliwahi kuchagua kisamaki cha bati chenye rangi saba na macho mekundu. Mwenye duka akakigeuza upande huu na upande ule, akamwuliza, "Sasa na wewe, unakwenda kuvua au kuposa?" Karani alicheka mpaka akasahau kukasirika. Aliondoka na mnyoo wa mpira wa kahawia, sura mbaya kama nini, na Jumatatu akarudi kuonyesha picha ya samaki kwenye simu.

Wateja walimwita Mama Ndoana. Nyumbani aliitwa Kitinda, maana ndiye aliyefunga tumbo la mama yake. Duka lenyewe ni chumba chembamba kati ya fundi cherehani na muuza miwani. Ukinyoosha mikono unagusa ukuta huu na huu. Droo zake hamsini na nne alizinunua kwenye duka la dawa lililofungwa, na nyingine bado zina vibandiko vya zamani, kwa hiyo ndoana ndogo zinakaa kwenye droo ya kikohozi na vipande vya risasi vya kuzamishia vinakaa kwenye ya homa.

Kitu kimoja hakuwahi kukifanya ni kuuza mshipi bila kuujaribu. Alikata kipande cha urefu wa mkono, akafunga fundo, akalilowesha kwa mate, akajizungushia kiganjani na kuvuta. Mshipi mzima, alisema, hulia kwanza ndipo ukakatika. Mbovu hukatika kimya.

Mshipi ambao hakuuuza wala kuujaribu ulikuwa mmoja tu, ule wa dirishani. Ulikuwa nailoni ya bei kali iliyotoka mbali, imeviringwa kwenye kibiringo kikubwa, rangi yake kama mbingu ya asubuhi, bado umo ndani ya plastiki yake ya kiwandani. Aliununua mwaka aliofungua duka, akauweka mbele ya kioo kama pambo, na hapo ukakaa miaka sita. Kila wiki aliufuta vumbi. Mtu akiulizia bei, anajibiwa kwamba huyo ni bibi harusi wa duka, anatazamwa tu.

Aliyemfundisha kuvua alikuwa kaka yake mkubwa, fundi bomba. Jina lake la kazini lilikuwa Spana, kwa sababu mikono yake ilifungua viungo vya mabomba vilivyoota kutu ambavyo wenzake waliviendea kwa nyundo na matusi. Siku za mapumziko alimchukua mdogo wake huyo mpaka kwenye bwawa nyuma ya mji. Zamani pale palikuwa na msitu. Ukuta wa bwawa ulipojengwa, maji yakaumeza msitu ukiwa umesimama, na hadi leo vigogo vipo chini, vingine vinachungulia. Humo ndimo anamokaa besi, samaki mwenye mdomo mpana kiasi cha kuingia ngumi. Besi hafukuzi kitu. Anajibanza nyuma ya kigogo, anangoja, kinachopita mbele yake amekimeza.

Kati ya vigogo vitatu upande wa mashariki palikuwa na besi mmoja ambaye Spana alimwona mara mbili kwa macho yake na kumkosa mara zisizohesabika. Alimwita Mwenyekiti, kwa kuwa haachii kiti.

Halafu ini la Spana likaharibika. Daktari alimpa dawa za maumivu, akamruhusu arudi nyumbani, na katika kuruhusiwa kule kila mtu akaelewa. Mashati yake yakaanza kumning'inia kama yametundikwa kwenye msumari. Mikono ile ikawa inatetemeka, kana kwamba yenyewe peke yake inasikia baridi.

Asubuhi moja mkewe, mwalimu wa chekechea, alimleta dukani amemshika kiwiko. Spana akakaa kwenye stuli, akavuta pumzi kwa muda, kisha akasema hana haja ya maua wala ya kutembelewa na watu wenye nyuso za pole. Anataka kwenda kumsalimia Mwenyekiti. Akimshika walau mara moja, hata akimrudisha majini, atakuwa ameridhika.

"Nifungie vifaa kama mteja," alisema. "Na uniulize maswali yako."

Kitinda akafuta mikono kwenye aproni. "Maji rangi gani, mzee?"

"Chai ya rangi. Mvua imenyesha juu huko."

"Utasimama au utakaa?"

"Nitakaa. Utapiga makasia wewe, mimi ni bosi."

"Una subira?"

Spana akafikiri. "Ninayo," alisema. "Muda ndio sina."

Mkewe akageuka kuangalia nje, kwenye mashine za fundi cherehani.

Kitinda akaanza kazi, na hakuna mtu aliyewahi kumwona akichagua vifaa polepole kama siku ile. Visamaki vya bati vinavyozunguka aliviacha, kwa sababu vinataka kuvutwa bila kupumzika na mkono wa kaka yake ungechoka kabla ya saa moja kwisha. Maji yakiwa ya chai, samaki haoni rangi, anaona kivuli. Kwa hiyo akachukua mnyoo wa mpira mweusi tititi. Ncha ya ndoana akaifukia ndani ya mpira huo ili isinase kwenye vigogo. Mbele yake akaweka risasi ndogo, izame taratibu. Kifaa hicho unakitupa, unakiacha kishuke, unangoja, unakiinua kidogo kama mtu anayeamsha mtoto, unangoja tena. Fimbo akachagua iliyo nyepesi mkononi lakini ngumu katikati, maana besi akishauma lazima atolewe vigogoni hapohapo. Gurudumu la kukunjia mshipi akachukua lenye breki laini, akaikaza mwenyewe, akailegeza kidogo, akaikaza tena.

Ukabaki mshipi. Wa kusuka ni mwembamba na una nguvu, lakini haunyumbuki. Kila tetemeko la mkono lingefika mpaka kwenye ndoana. Nailoni hunyumbuka, inamsamehe mtu. Basi nailoni. Alifungua droo, akatazama vibiringo vilivyopangwa mle, akaifunga. Hivyo vilikuwa vya wateja. Akaenda dirishani.

"Hee, huyo si bibi harusi?" Spana akauliza.

"Leo anaolewa," Kitinda akasema, akaichana plastiki.

Spana alishika penseli iliyopita katikati ya kibiringo, na mdogo wake akazungusha gurudumu, na mshipi ule wa rangi ya mbingu ukahama taratibu kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Alipomaliza, Kitinda alifunga fundo, akalilowesha kwa mate, akalikaza kwa upole. Kipande cha kujaribia hakukata. Mishipi ya kwenye droo aliijaribu kwa sababu aliishuku. Huu nani angeushuku?

Jumamosi wakaingia bwawani kukiwa bado na ukungu. Kitinda alipiga makasia mpaka kwenye vigogo vitatu, akatia nanga ya jiwe. Spana akatupa. Mara mbili za kwanza mnyoo ulianguka mbali na alipotaka, akajitukana kidogo. Mara ya tatu ukatua ubavuni mwa kigogo cha kati, bila kishindo, na hapo akatulia, na kwa muda mrefu hawakusema ila mambo madogomadogo: mama yao alivyokuwa anaogopa maji, bomba la shule lililowahi kupasuka likamlowesha mkuu wa shule na suti yake. Akatupa tena. Akangoja tena. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya ukuta wa bwawa pale mshipi ulipoanza kutembea wenyewe kando.

Spana alihesabu moyoni kama alivyomfundisha mdogo wake, kisha akavuta, na fimbo ikapinda mpaka kwenye mpini. Tetemeko likaisha mikononi mwake. Kitinda aliliona hilo kwa macho yake, na baadaye ndilo lililomuuma kuliko yote: kwa dakika ile mikono ilitulia. Samaki akavuta kuelekea vigogoni, Spana akamgeuza; akazama, akamwinua. Kisha akaja juu, mdomo wazi, ubavu wa kijani wenye mstari mweusi, mwili mrefu kama mkono wa mtu mzima.

"Kitinda, wavu."

Aliunyakua, akainama. Palikuwa pamebaki urefu wa kasia moja kati yao na samaki. Halafu fimbo ikanyooka.

Hapakuwa na mlio wowote.

Walikaa wakitazama maduara ya maji yakipanuka mpaka yakafika kwenye boti. Spana alitazama mikono yake, iliyokuwa imerudia kutetemeka. Alisema amembana mno, kosa ni lake, amekaza breki. Kitinda alijua kaka yake hakuigusa breki ile hata mara moja. Kaka yake alipojiinamia kukohoa, yeye akaushika mshipi uliobaki kwenye fimbo, akauvuta kwa vidole viwili. Ukakatika kama uzi wa fulana iliyochakaa. Akavuta chini zaidi. Ukakatika tena, kimya.

Akaliona kichwani lile dirisha la duka. Linatazama magharibi, kila alasiri jua huingia hapo mpaka fundi cherehani wa jirani huning'iniza shuka. Miaka sita. Na yeye ndiye anayewagombeza wateja kila siku wasiache vifaa nyuma ya kioo cha gari, kwamba jua hula nailoni kama mchwa alavyo ubao, nje inang'aa, ndani hamna kitu. Alikuwa na droo nzima ya mishipi mizima. Angechukua wowote kati ya hiyo, hata ule wa bei ya chini, wa wanafunzi.

Alitaka kusema palepale. Lakini Spana alikuwa amechoka, amejikunja kwenye koti. Akajiambia, kesho. Akapiga makasia.

Kesho ikapita, na keshokutwa. Siku ya nne alifunga duka mchana akaenda kwa kaka yake, maneno yake ameyapanga kichwani kama droo: kwanza samahani, kisha jua, kisha kwamba mikono yako haikukosea. Alitaka hasa kulifikisha hilo la mwisho.

Alikuta chumba kimejaa mafundi bomba watatu, wamekaa kwenye viti vya kulia chakula vilivyoletwa kando ya kitanda. Spana alikuwa ameegemea mito miwili, macho ya njano, sauti nyembamba, lakini anasimulia. Tangu arudi kutoka bwawani alikuwa ameugeuza ule mkasa na kuugeuza, na sasa ulikuwa umekaa vingine. Habari ya breki haikuwamo tena. Samaki alivuta, yeye akavuta, hakuna aliyekubali, na kilichoshindwa katikati yao ni mshipi. Mmoja wa mafundi alitania kwamba labda ulikuwa uzi wa kushonea viatu.

"Ala, huyu hapa mwenye mshipi," Spana akasema alipomwona mlangoni. "Waambie, mdogo wangu. Ulikuwa mshipi gani?"

Wote wakamgeukia. Kitinda alisimama na mkoba wake kifuani. Kaka yake alimtazama kwa namna ambayo hakuwa amemtazama nayo tangu utotoni, alipokuwa akimwomba asimsemee kwa baba.

"Ulikuwa bora kuliko yote dukani," alisema. "Sijawahi kuuza mfano wake."

"Na mtu akiuvuta kwa mkono, unakatika?"

"Ukiwa mzima, hapana. Haukatiki kwa mkono."

"Mnaona," Spana akawaambia wenzake. Akafunga macho, ameridhika, na mafundi wakatikisa vichwa na kusema Spana ni Spana.

Alifariki siku ya tisa baada ya hapo, alfajiri, mkewe akiwa anambadilishia shuka.

Watu walipokuja kutoa pole, Kitinda alikaa jikoni na wifi yake wakiosha vikombe, maana vilikuwa vichache na wageni wengi. Wifi aliosha, yeye akafuta. Baada ya muda wifi akauliza bila kuinua uso.

"Wifi, niambie mimi. Siku ile alikuwa na nguvu kweli? Maana hapa ndani alikuwa hawezi hata kufungua chupa ya maji."

Kitinda akaweka kikombe chini. Akamweleza yote: plastiki, dirisha, jua la alasiri, vidole viwili. Alieleza upesi, kama anayeogopa kukatizwa. Alisema pia kwamba mikono ilitulia, kwamba hilo ni kweli tupu, lakini hakujua kama linaaminika likija mwishoni mwa maneno mengine yote.

Wifi alikuwa ameacha kuosha. Maji ya bomba yaliendelea kumwagika.

"Ulimwambia?"

"Sikumwambia."

"Nilimsikia usiku anajiambia mwenyewe," wifi akasema. "Anasema, nilimshika. Nilimshika." Akafunga bomba. Hakusema kwamba amemsamehe, na Kitinda hakuomba. Wifi alipanga vikombe kwenye sinia, akamimina chai, na alipofika mlangoni akasema kwa sauti ya chini, bila kugeuka, "Wenzake wasijue."

Akatoka na sinia. Mlango ulibaki wazi kidogo. Kutoka sebuleni Kitinda akasikia sauti ya fundi yuleyule wa utani ikiwasimulia waliochelewa kufika, tangu boti ilipoacha ukingo. Safari hii Mwenyekiti alikuwa na urefu wa mikono miwili, na Spana alikuwa amesimama.