Selpher na Mvua ya Mlima Elgon

Selpher Navalayo alifika Lumakanda na gunia moja la nguo na jembe. Ndoa yake huko Ekero ilikuwa imekwisha baada ya miaka mingi bila mtoto, na mashemeji walimwambia waziwazi kwamba nyumba inahitajika. Ulikuwa mwaka wa kwanza baada ya Uhuru. Mdogo wake, Protus, alikuwa amepewa kipande katika shamba lililokuwa la mzungu wa mahindi, naye alikuwa bado hajaoa. Hakumuuliza dada yake lolote. Alimwonyesha upande wa nyumba usiovuja, akasema, "Lala hapa, dada. Kesho tunapanda maharagwe."

Waliishi hivyo, wawili, na watu wakazoea kuwaona wakipalilia mistari miwili iliyo sambamba, Selpher akiwa mbele kila mara. Mwaka uliofuata mahindi yalishika vizuri sana, ikabidi wajenge ghala. Mianzi mizuri ilipatikana Mlima Elgon. Mwezi wa nane, mvua ikiwa haijachoka, Protus alienda kuikata pamoja na jirani yao Chrispinus.

Chrispinus alirudi peke yake. Alisimama mlangoni pa jikoni akichuruzika maji, kofia mkononi.

"Protus yuko wapi?" Selpher akauliza.

"Homa ilimshika huko juu, dada. Miguu ilikataa. Nilimkalisha chini ya mti mkubwa, nikamfunika blanketi, nikashuka kutafuta watu wa kumbeba. Tulipopanda tena ukungu ulikuwa umefunga kila mahali. Tuliita mpaka sauti zikakauka."

Selpher hakumkemea. Alifunika moto kwa majivu, akaenda kutafuta viatu.

Waliondoka wanne. Athman, mfanyabiashara wa Mumias aliyenunuanga mahindi Lumakanda, alitoa lori lake, na hata walipofika chini ya mlima, lori likazama kwenye matope, alikataa kubaki nalo. Kipsang, jirani waliyepakana naye shamba, alizaliwa kwenye miteremko ya Elgon. Yeye ndiye aliyeongoza. Wanaume walitaka Selpher awasubiri kwa jamaa za Kipsang.

"Mama yetu alipokufa, mtoto huyo nilimbeba mimi mgongoni," Selpher akasema. "Nitamngojaje chini kama mgeni?"

Wakapanda. Njia ilikuwa ya ng'ombe, nayo mvua ilikuwa imeigeuza kijito. Walishika mizizi, walishika nyasi, na nyasi ziling'oka na udongo wake. Selpher aliacha viatu vyake kwenye matope akaendelea peku. Majani ya kuwasha yalimpiga miguuni hadi akaacha kuyahisi. Kila walipodhani wamefika juu, ukungu ulisogea kidogo, ukawaonyesha mteremko mwingine.

Jioni walijificha katika pango la wachungaji. Kuni zote zilikuwa mbichi, wakala obusuma, yaani ugali, ukiwa baridi. Athman aliswali akiwa amekaa, kwa sababu goti lake lilikuwa limevimba baada ya kuanguka kwenye mawe.

"Inshallah kesho tutampata," akasema.

Chrispinus aligeuza uso ukutani. Selpher alimwona, na hapo ndipo moyo wake ulipoanza kuvunjika. Alijua kwamba aliyemwona Protus mara ya mwisho hakuwa na tumaini tena.

Asubuhi Athman hakuweza kuinuka, wakamwacha pangoni na chakula kilichobaki. Watatu waliingia kwenye mianzi. Humo hakuna upepo. Maji hudondoka tu, na mianzi iliyoanguka hukatiza njia, mtu apite chini yake kwa magoti. Chrispinus alikuwa akisimama, akitazama, akitikisa kichwa, akisonga tena. Hatimaye akapiga kelele, "Hapa! Ni hapa!"

Mti ulikuwepo. Mianzi waliyokata ilikuwepo, imefungwa vizuri mafungu mafungu. Blanketi lilikuwa chini, limelowa, zito kama ngozi mbichi. Protus hakuwepo.

Selpher alilikunjua blanketi lote, kana kwamba mtu mzima angeweza kujificha ndani ya mkunjo. Kipsang alizunguka akiinama, akitafuta unyayo au tawi lililovunjika. Mvua ilikuwa imefuta kila kitu. Upande mmoja tu nyasi zilikuwa zimelala kidogo, zikielekea bondeni, lakini hata nyati angeweza kuzilaza hivyo.

Walizifuata hadi mtoni. Mto ulikuwa umefura, mwekundu, ukibingirisha mawe ambayo sauti yake ilisikika chini ya maji.

"Protus!" Selpher akaita. "Protus! Ni mimi!"

Mto ulimeza jina. Akaanza kuingia majini. Kipsang alimkamata kiunoni wakaanguka wote wawili ukingoni.

"Niache, Kipsang."

"Mama, sikiza. Mto huu haurudishangi mtu. Mvua inazidi, na Athman yuko kule na mguu mbaya. Tukivuka, watatutafuta sisi pia."

"Na yeye nani atamtafuta?"

Kipsang alimshikilia tu mpaka mikono ya Selpher ikalegea. Chrispinus alikuwa amechutama kando, analia kwa sauti, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumnyamazisha.

Walishuka wakimbeba Athman kwa zamu. Selpher naye alishika zamu yake.

Wenyeji wa mlimani waliahidi kuangalia mvua ikipungua. Ilipungua mwezi wa kumi, wakaangalia, wakatuma neno kwamba hawakuona kitu. Basi baba yao mdogo alikuja na wazee wa ukoo, wakafunga shina la mgomba katika koti la Protus, wakalizika nyuma ya nyumba kama desturi inavyotaka kwa mtu asiyeonekana. Wanawake walilia. Selpher alipoambiwa amlilie ndugu yake alisema, "Nimlilie vipi? Nani amemwona?"

Shamba lilipewa mtoto wa baba mdogo, aliyekuwa na mke na watoto. Hakumfukuza Selpher. Lakini mke wake alianza kupalilia mbele, na siku moja akauliza kwa upole kama watoto wanaweza kulazwa upande ule usiovuja. Selpher alikuwa ameshayasikia maneno kama hayo zamani, kwa mashemeji. Alifunga gunia lake, akahamia Matete, akapanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga, akawa anauza mboga sokoni.

Chrispinus alimtembelea mara mbili tatu. Waliketi, wakanywa chai, wakazungumzia mvua na bei ya mahindi, na mtu akipita nje wote wawili walinyamaza wakasikiliza. Baadaye Chrispinus aliacha kuja.

Mwezi wa kumi na moja wa mwaka uliofuata, kanisani, katekista alikuwa akipita akiuliza majina ya marehemu wa kuombewa. Alipofika kwa Selpher alimngoja kwa heshima. Selpher alifungua mdomo ataje jina la Protus, akaufunga. Katekista akamsogelea mama aliyeketi pembeni yake.