Kasike Isiyoimba

Kila mtu hapa Likasi ana sababu yake ya kuvaa kasike, vile visikilizio vikubwa vinavyofunika masikio. Vijana huvaa kwa ajili ya muziki, walinzi kwa ajili ya mpira, na mabinti huvaa ili wasiwajibu wanaowapigia miluzi. Jirani yangu Lambert alivaa ili tusijue kwamba ni kiziwi.

Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mashine ya kusaga mawe ya shaba, na kelele zile zikamla masikio kidogo kidogo. Angetuambia, tungemhurumia. Lakini Lambert ni mtu wa kujiona, na kwake kuhurumiwa ni sawa na kuvuliwa nguo sokoni. Akanunua kasike, ncha ya waya wake akaitia mfukoni ambamo hamkuwa na simu wala redio. Tulipomsalimu asiitike, tulisema anaringa. Hilo lilimfaa sana. Mkewe Clotilde peke yake ndiye aliyejua. Hata binti yao Providence, Lambert aliamini, hakujua kitu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Huyu aliumbuliwa na posa.

Chadrack, kijana wa Kapolowe, alipoleta wazee wake kumposa Providence, Clotilde alimvua mumewe kasike kwa mikono yake mwenyewe: wakwe hawapokelewi masikio yamezibwa. Desturi ilikuwa hivi: baba huinua glasi ya divai iliyoletwa na wakwe, akamwuliza binti kama anywe. Binti akikubali, baba hunywa, na mambo yamekwisha. Baba akikaa bila kunywa, amekataa. Kwa hiyo Clotilde angeketi kando ya mumewe na kumkanyaga mguu mara tu binti atakapojibu.

Mpango mzuri, ila bukari, ugali wa wageni, iliungua jikoni na Clotilde akaitwa. Msemaji wa wakwe, asiyejua lolote, akamwashiria Lambert aanze. Lambert akainua glasi, akauliza. Providence alikuwa amepiga magoti, kitenge kimemfunika uso, akajibu kwa sauti ndogo kama alivyofundishwa, maana mchumba anayepayuka huonekana hana adabu. Lambert hakusikia kitu. Akabaki na glasi hewani, akauliza tena, akajibiwa tena. Jasho likamtoka. Wazee wa Kapolowe wakaanza kutazamana, na Chadrack akainamisha kichwa kama mtu aliyekwisha kukataliwa.

Ndipo Providence akafunua uso, akapaza sauti hadi watoto wa barabarani wakageuka.

"Munywe, Papa!"

Shangazi wa Chadrack, Mama Mbombo, mwanamke asiyejua kufunga mdomo, akasema hajawahi kuona msichana anayeita mume kama watu wa taksibasi wanavyoita abiria. Wageni wakaangua kicheko. Lambert alikuwa amesikia ukelele wa binti tu, si maneno hayo, lakini kicheko huonekana, na alimwona mtoto wake akirudisha kitenge usoni, mabega yakimtetemeka. Miaka yote hiyo alikuwa amejikinga asichekwe, na sasa msichana huyu alikuwa akichekwa badala yake, tena siku ya posa yake.

Akaweka glasi chini, akasimama.

"Musimucheke mutoto yangu," alisema, kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama wasemavyo viziwi. "Iko na heshima. Alipandisha sauti sababu minye sisikiake. Minye njo kiziwi."

Hakuna aliyecheka tena. Mama Mbombo akatazama sakafu. Lambert akainywa ile divai yote, kisha akamwuliza Providence alijua tangu lini. Binti akajibu kwa sauti ndogo, maana wageni walikuwa wakimtazama. Baba hakusikia. Akapiga magoti, yeye baba mtu, mbele ya wakwe wote, akamwekea sikio mdomoni.