Wakulima Kumi wa Kubuni

Mwanangu, hadi leo naona haya nikikumbuka asubuhi ile karibu na mji wa Wang'uru, nilipojua kwamba nimekausha shamba la mwanamke wa watu bila hata kushika jembe.

Nilikuwa msichana wa Nyeri, nimesomea kompyuta, na kichwa kilikuwa kimevimba kweli. Kikundi cha wakulima wa mpunga kilinipa kazi ya kuandika programu ya kupanga zamu za maji. Niliijaribu, ndiyo. Nilibuni wakulima kumi, kila mmoja na jina lake na shamba lake. Ikapita bila kosa, nikaringa wiki nzima.

Sasa wewe unajua desturi yetu: mtoto hupewa jina la nyanya yake, na binamu zake vilevile. Kwetu tulikuwa Wanjiru wanne, mimi mmoja wao! Lakini mbele ya kompyuta nilisahau kabisa. Daftari la wakulima lilikuwa na Mary Wangari wawili, binamu. Programu yangu ilitambua watu kwa jina, kwa hivyo wa pili akamfuta wa kwanza. Huyo wa kwanza, mjane mzee tuliyemwita Cucu, yaani nyanya, akakosa maji zamu tatu.

Alikuja ofisini, akanishika mkono, akanipeleka hadi shambani kwake. Udongo ulikuwa umepasuka na miche imekuwa ya manjano. Shamba hilo ndilo lililolisha wajukuu wake. Nililia.

"Hao watu wa kujaribia uliwatoa wapi?" akaniuliza.

"Niliwabuni, Cucu."

"Ndiyo maana hawakukusumbua, mami. Sisi watu wa kweli tuko na shida."

Hakunitukana. Maji yalifunguliwa siku hiyo hiyo, ingawa nusu ya miche ilikuwa imekufa. Kisha akanizungusha mfereji kwa mfereji: huyu ana mashamba mawili, yule hana jina la pili. Niliandika wote, nikampa kila mmoja nambari yake badala ya kumtambua kwa jina, halafu nikajaribu kila kipande cha programu peke yake kwa watu hao.

Kwa hivyo, mwanangu, ukitunga data ya kujaribia, usijibunie watu wa kukubaliana nawe. Watafute wale watakaokusumbua. Jaribu kipande kimoja kimoja, na kosa ukilirekebisha, liachie jaribio lake, ulirudie kila unapobadilisha hata mstari mmoja. Ukikosea, nenda ukamwone uliyemkosea. Inauma, najua, lakini nenda.

Mungu abariki mikono yako, na asiwepo mtu wa kulala njaa kwa sababu ya kazi yako.