Kitunguu Kilichongoja Idi

Salvina wa Ushirombo, mke wa Otmar, alibatizwa akiijua katekisimu yote kwa moyo, na tangu siku hiyo akajiona hana la kumuuliza mtu. Ukiondoa hilo, alikuwa mtu wa kupendeka kabisa.

Juni ya mwaka 1938 Bi Mwahija, mjane Mwislamu aliyeshona nguo pale madukani, alimpa punje kumi. "Kitunguu saumu hicho, Mama Clemens. Kapande." Salvina akapanda kando ya kisima, akaapa moyoni kwamba mavuno ya kwanza yatakwenda kwa Bi Mwahija, aliyemshonea mwanawe Clemens nguo ya ubatizo na kukataa hata ahsante ya kuku.

Novemba ilipoingia, majani ya chini yakakauka. Otmar, mtunza bustani ya misheni, akainama kuyatazama.

"Ng'oa, mama. Vimekomaa."

"Saumu ni nini?" Salvina akamuuliza.

"Kufunga."

"Na Waislamu wameshafungua?"

"Bado."

"Basi kitunguu cha saumu kitang'olewaje kabla ya Idi? Hata sisi Kwaresima tuna adabu zetu."

Otmar akaenda zake akinung'unika kuwa sikio la kufa halisikii dawa. Mvua ikapiga siku nne mfululizo, na Salvina hakugusa kitu.

Asubuhi ya Idi aling'oa. Maskini! Maganda yalikuwa yamepasuka, punje zimetawanyika udongoni, nyingine zimeota upya. Hakupata hata kichwa kimoja kizima cha kumpelekea mtu. Alilia kwa uchungu, kisha akaziokota kwenye ungo, akaenda na aibu yake.

"Shikamoo, Bi Mwahija. Zawadi yako nimeiharibu. Nilikuwa nakungoja ufungue."

"Marahaba. Nifungue nini?"

Alipoelezwa, Bi Mwahija alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. "Kitunguu hakina dini, mwanangu! Majani ya chini yakikauka, ya juu yangali mabichi, ng'oa, hata iwe Ramadhani mosi!"

Kisha kicheko kikamkatika. Akajifuta macho kwa ncha ya kanga, na safari hii hayakuwa machozi ya kucheka.

"Mwaka wa kumi na moja huu nafunga peke yangu katika nyumba hii," alisema. "Sikujua kama kuna mtu ananihesabia siku."

Akaupokea ungo, akatandika mkeka. Wakaketi, wakaanza kumenya.